Neno Moja Kutoka kwa Mama Makoye

Jumatatu, 7 Juni 1954. Samuye.
Nimefika nyumbani kutoka mgodini Geita. Likizo ya siku saba tu. Mke wangu Bernadina alipiga magoti akanisalimu, akanipokea mzigo, akaniwekea maji ya moto ya kuoga. Basi. Neno la mapenzi, hata moja, hakuna. Miaka sita ya ndoa na bado mimi ni Baba Makoye tu! Mwenzangu wa mgodini, Onesmo wa kijiji cha pili, hutembea na barua ya mkewe Serafina mfukoni. "Mpenzi wangu wa moyo." Kila Jumapili huisoma kambini kwa sauti, akinitazama mimi. Nimeapa: sirudi Geita bila kuambiwa kwamba napendwa. Nisipoambiwa, nitajua sina mke, nina mpishi.

Jumanne, 8 Juni.
Nimeanza mwenyewe, ili aige. Alikuwa anapepeta mtama. Nikamwambia nampenda. Akaweka ungo chini, akauliza polepole nimefanya kosa gani huko Geita. Nikaapa sijafanya kosa lolote. Akauliza huyo mwanamke ana watoto wangapi. Nimeshinda nikijitetea.

Alhamisi, 10 Juni.
Siku ya gulio. Bwana mkubwa wa mgodini hutembea na mkewe wameshikana mikono, nimewaona kwa macho yangu. Nikamshika Bernadina mkono mbele za watu. Akajaribu kuuchomoa, nikakaza. Wauza viazi wakaacha kuita wateja. Mzee Bujiku, jirani yetu, akaja kumpa pole, kisha akaniuliza macho ya mke wangu yameanza kufifia lini. Kabla hatujafika kwenye chumvi, watu watatu walikuwa wameshatutajia waganga. Bernadina alirudi nyumbani akiwa amenitangulia mbali. Alikuwa amekwisha kuninunulia tumbaku, ile ile ninayoipenda. Sijui aliikumbukaje. Lakini tumbaku si neno.

Jumamosi, 12 Juni.
Mbinu ya ugonjwa. Mgonjwa huambiwa maneno mazuri, hilo linajulikana. Nikalala kitandani, nikaguna. Bernadina akaacha pamba yake shambani, na huu ndio wakati wa kuvuna, akakaa nami kutwa. Akanichemshia mwarobaini. Vikombe vinne! Nikasubiri neno. Neno lenyewe likawa "kunywa".

Jioni akachinja kuku, mmoja kati ya wawili tulionao. Akaniletea bakuli, firigisi imekaa juu kabisa, kama anavyowekewa mwenye nyumba. Mara akaingia Onesmo, naye yuko likizo, kunijulia hali. Nikataka Bernadina aone nilivyo na moyo mkubwa. Nikampa Onesmo firigisi. Akaimeza karibu bila kutafuna. Bernadina akatoka nje, hakurudi mpaka mgeni alipoondoka, na macho yake yalikuwa mekundu. Kipande kimoja cha nyama! Sikujua nimeoa mchoyo. Na bado nampenda sana, hilo ndilo linaloniuma.

Jumapili, 13 Juni.
Leo nimeuliza waziwazi. Alikuwa anashona vifungo vya koti langu. Nikamwuliza kama ananipenda. Akasema Geita asubuhi kuna baridi, na koti lisilo na vifungo ni sawa na hakuna. Nikauliza tena. Akauliza anifungie michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, mingi au michache. Nikanuna. Hakuona, au aliona akaendelea kushona.

Jumatatu, 14 Juni. Stesheni ya Shinyanga.
Alinisindikiza hadi barabarani, mzigo wangu kichwani mwake. Nikampa nafasi ya mwisho: nikasimama mbele yake, nikamtazama. Akaniambia nishike vizuri ninapopanda lori. Lori likaondoka. Nikageuka mara nne, na mara zote nne alikuwa bado amesimama pale pale, mpaka vumbi likamficha. Labda alikuwa anamsubiri mtu.

Hapa stesheni nimemkuta Onesmo, mkoba wake mtupu. Serafina hakumsindikiza. Alikwenda kwenye ngoma tangu Ijumaa na hajarudi. Nikafungua mzigo wangu. Michembe, karanga, koti lenye vifungo vipya vitano. Na ndani ya kitambaa cheupe, firigisi ya kuchoma. Yaani amemchinja hata yule kuku wa mwisho. Mwanamke huyu hajui kuweka akiba.

Onesmo alikuwa anautazama mzigo huku anameza mate. Nikaiona nafasi yangu. Tumebadilishana. Yeye amechukua chakula chote, na firigisi. Mimi nimechukua barua. Alikula ameinamisha kichwa, kisha akasema mimi ni mtu mwenye bahati. Nikakubali, maana barua ilikuwa tayari mfukoni mwangu.

Jina la Onesmo nimelifuta kwa mate, nimeandika langu, Kalisti. Serafina nimemgeuza Bernadina. Nimeisoma mara tatu. Treni imechelewa na njaa inauma, lakini hatimaye napendwa.