Kichwa Bapa, Mviringo au Ncha

Jumatatu, 3 Juni

Daktari amesema moyo wangu umechoka. Amesema kwa upole, kama mwalimu anayemwambia mzazi kwamba mtoto arudie darasa. Nisinyanyue vitu vizito. Nisibishane na watu. Nikamweleza kwamba mimi ni mkaguzi wa shule mstaafu, na nikiacha kubishana nitakuwa nimeshakufa tayari. Hakucheka.

Basi niandike, nikiri yote kabla sijaondoka. Dhambi kubwa sina. Nina shemeji.

Ni mdogo wa mke wangu, fundi cherehani, anakaa mtaa wa pili. Kila Jumapili tunalenga makopo ukutani nyuma ya nyumba kwa bunduki ya upepo aliyotuachia marehemu baba mkwe. Sharti la mzee lilikuwa moja: bunduki ni ya wote, risasi kila mtu aje na zake. Tangu tumzike mzee sijamshinda shemeji hata mara moja. Nimelaumu risasi miaka yote hiyo.

Na huyo ndiye atakayesimama kuzungumza kaburini kwangu! Jana, chai ikiwa mdomoni, kasema hotuba ameshaanza kuitunga. Kanionjesha kipande: marehemu alikuwa mtu wa huruma, na makopo yote yalimpenda.

Watu watacheka. Nami nitakuwa nimelala pale, siwezi kujibu.

Jumapili hii lazima nimshinde.

Jumanne, 4 Juni

Sasa ni elimu, si bahati. Nimekwenda dukani kwa Misumari, muuza vifaa vya ujenzi, nikanunua aina zote tatu za risasi. Zote zina kiuno chembamba na sketi nyuma, kama wanawali wa harusi. Tofauti iko kichwani. Kuna bapa, kuna mviringo, kuna zenye ncha. Za ncha zinatisha hata zikiwa ndani ya kopo.

Tatizo la kwanza: bunduki hii hukunjwa katikati ndipo ishike upepo, na mikono yangu haiwezi tena. Mke wangu kaikunja gotini kama anayevunja kuni. Kauliza kwani zote si zinakwenda mbele? Nimemsamehe.

Nililaza mtutu juu ya mto wa kitandani, karatasi ikiwa ukutani. Kichwa bapa: karibu, hutoboa tundu safi kama la mashine ya kutobolea karatasi; mbali, hulewa. Za ncha: kila moja na safari yake. Moja imeitembelea ndoo ya mke wangu, ambayo sasa inachuruzika. Za mviringo: zote mahali pamoja, zimebanana kama kuku kwenye mvua!

Kumbe mtutu nao una ulimi wake. Huu unapenda mviringo. Na mimi miaka yote nimekuwa nikiulisha bapa.

Kuhusu ndoo, nimesema ni uzee wa plastiki.

Alhamisi, 6 Juni

Nimerudi kwa Misumari nikanunua kila kopo la mviringo lililokuwa rafuni. Shemeji akija atakuta vumbi. Kisha nikamwomba Misumari amsifie za ncha: amwambie mabingwa siku hizi hawatumii kingine. Misumari kaniuliza kama mabingwa hao nawafahamu. Nikasema kwa sura tu.

Nakiri. Ulikuwa uongo. Nilitembea polepole kurudi nyumbani, moyo ukipiga vizuri kuliko wiki nzima.

Mchana nimefanya ukaguzi. Nimezipanga risasi mstari juu ya kioo cha meza na kuziviringisha moja moja. Iliyoyumba, nje. Yenye sketi iliyobonyea, nje, na mzazi aje. Zilizofaulu nimeziosha kwa sabuni ya vyombo na kuzianika kwenye chujio la chai. Mke wangu amelitazama chujio, kisha akanitazama mimi, kisha akaenda kununua lingine.

Ijumaa, 7 Juni

Habari njema! Shemeji kapita akitamba. Kanunua risasi za ncha, za mabingwa. Kasema nijiandae, safari hii hata kopo litanionea huruma. Nimeinamisha kichwa kama mtu mnyonge. Uso wangu umefanya kazi kubwa.

Ila shemeji hupekua. Kwake kabati la dada yake ni kabati lake. Wapi pa kuzificha risasi zangu bora? Nimefikiri sana. Mtu hupekua chakula, hupekua nguo, lakini hapekui dawa za mgonjwa. Nimezitia kwenye kopo tupu la vidonge vya moyo, nikaliweka kando ya kitanda, wazi kabisa, mbele ya macho ya dunia.

Wakati mwingine najishangaa.

Jumamosi, 8 Juni

Msiba. Binti yetu amekuja kunisalimia. Huyu ni karani wa mahakama, na hata salamu zake ni mahojiano. Kaliinua kopo la dawa. Kalitikisa. Limejaa! Akakaa kitandani akalia. Kasema baba hunywi dawa, baba umeamua kutuacha.

Ningefanyaje? Ningesema ni risasi, angejua kwamba mtu mwenye moyo mbovu anapanga mashindano. Nikanyoosha shuka. Akauliza kama nimechoka kuishi. Nikasema kidogo. Sijui kwa nini nilisema hivyo.

Ameondoka na kopo kumpelekea daktari ahesabu vidonge mwenyewe. Mfuniko hakuufungua. Nilimwona kupitia dirisha akivuka barabara, mabingwa wangu wote mkobani.

Nimemtuma mke wangu kwa Misumari. Karudi na ndoo mpya. Za mviringo zimekwisha, kaambiwa kuna mzee alizizoa zote. Na zile zilizobaki hapa? Ni bapa, ncha na zile nilizozifukuza, na mke wangu ameshazifagia zote.

Jumapili, 9 Juni

Shemeji kaja na kiti chake, kofia yake na kopo lake jipya. Nikamwambia sina risasi, basi, ameshinda, aandike hotuba yake. Nilikusudia kusema kwa mzaha. Sauti haikutii.

Akavua kofia. Kisha kasema shemeji, acha deko, tutatumia zangu wote wawili, baba hayupo kutuona. Akanimiminia za ncha kiganjani.

Za ncha! Mchimba kisima huingia mwenyewe, na mimi nilikuwa nimekichimba kwa furaha.

Risasi tano kila mmoja. Yeye alinikunjia bunduki, mke wangu akanishikia mto. Nilipata makopo mawili. La pili nadhani lilikuwa likielekea kuanguka lenyewe. Shemeji akalenga, akavuta pumzi, akakosa. Akakosa tena. Akapata moja, ukutani zikaenda mbili. Akajifuta macho kwa leso, akasema uzee huu, shemeji, uzee huu, hata kopo silioni.

Nimeshinda! Mbili kwa moja! Nilitaka kuruka, mke wangu akanikalisha kwa mkono mmoja.

Baadaye, jua likizama, mke wangu alimwomba ndugu yake amtilie uzi kwenye sindano. Akautia mara moja, bila miwani, huku akizungumza. Ajabu jinsi macho yanavyokwenda na kurudi. Mke wangu alicheka peke yake. Sikuuliza.

Jumanne, 11 Juni

Binti amerudi kutoka kwa daktari. Hasira zimemwisha, hajui acheke au alie. Daktari alifungua kopo mbele ya wauguzi. Amesema moyo wangu haujambo kuliko alivyofikiri. Risasi hazirudishi. Ameuliza zilinunuliwa wapi, na kama mviringo ndizo bora.

Jioni shemeji kapita. Nimemwomba hotuba airekebishe. Kasema ameshairekebisha, yeye si mtu wa kudhulumu maiti. Atasema wazi, mbele ya wote: marehemu alinishinda siku moja. Kisha atanyamaza kidogo. Kisha atasema: kwa risasi zangu.

Kwa risasi zake!

Basi sifi. Haiwezekani. Nitamshinda kwa zangu, ndipo tuzungumze habari za kaburi. Na sasa siri nimeijua: zile za ncha ndizo hasa. Majaribio ya Jumanne iliyopita yaliharibiwa na upepo. Na ndoo.

Nimenunua kopo zima la ncha. Shemeji asilione. Nimezihamishia kwenye kopo jingine tupu la vidonge vya moyo, kando ya kitanda. Binti hawezi kulitikisa mara mbili.