Msimpigie Makofi Farasi wa Idara

Kuanzia Jumatatu, Idara ya Vibali ilitangaza, hakuna mtumishi atakayethibitishwa kazini, kupandishwa cheo wala kushika muhuri mpaka aoneshe, mbele ya kamati, kwamba anaweza kupanda farasi kwa madaha.

Tangazo lilibandikwa kwenye mlango wa lifti iliyokufa, mahali ambapo kila mtu hupita akielekea kwenye ngazi, na lilipokelewa kwa utulivu mkubwa. Mwaka uliopita Idara iliagiza watumishi watembee upande wa kushoto wa korido, na kabla ya hapo upande wa kulia. Farasi alionekana kuwa hatua ya kawaida ya maendeleo.

Chanzo chake kilikuwa cha kitaalamu kabisa. Mkurugenzi Mkuu alikuwa amerudi kutoka ziara ya mafunzo ng'ambo, na huko alimwona farasi akitembea upande upande, shingo ameiinamisha, miguu anainyanyua kwa mbwembwe, jasho linamtoka, na baada ya yote hayo yuko palepale alipoanzia. Watu wakampigia makofi. Mkurugenzi Mkuu machozi yakamlengalenga. "Huyu," alimnong'oneza msaidizi wake, "ndiye mtumishi wa umma ninayemtafuta siku zote."

Aliyeguswa zaidi na tangazo alikuwa Kaimu Mkuu wa Kitengo cha Mihuri, ambaye jengo zima, kuanzia mlinzi wa getini, lilimwita Mama Mihuri. Alikuwa amekaimu muda mrefu kiasi kwamba mwanawe wa mwisho, alipoulizwa shuleni jina la ukoo, alijibu Kaimu. Sasa, kwa kuwa kaimu si mtu aliyethibitishwa, muhuri wake ulifungiwa kabatini, dirisha lake likateremshwa pazia, na foleni ya wenye shida ikaanza kunenepa kando ya ukuta wa mbele.

"Kwa hiyo usipompanda huyo mnyama, ndiyo basi?" mumewe alimuuliza jioni. Alikuwa kinyozi, mtu wa kuuliza maswali huku akiangalia kitu kingine.

"Ndiyo basi. Wataleta mtu mwingine anayejua farasi."

"Na mihuri anaijua?"

"Hilo halimo kwenye vigezo, baba watoto."

Farasi alikuwa mmoja kwa Idara nzima. Kwenye orodha ya mali aliandikwa Kitendea Kazi cha Miguu Minne. Watumishi walimwita Mstaafu, maana alikuwa amefanya kazi ya gwaride tangu ujana wake mpaka meno yakageuka rangi ya chai. Alipangiwa chumba cha Ofisi ya Malalamiko, upande wa mbele, chumba kikavu na safi ambacho hakijaguswa tangu kizinduliwe. Mlango wake tu ndio ulikuwa mfupi. Mstaafu aliingia kwa kuinamisha kichwa, jambo ambalo Idara ililisifu kuwa ni nidhamu.

Uwanja wa mazoezi ulichorwa kwa chokaa nyuma ya jengo, kwenye maegesho ya magari. Pembeni ziliwekwa herufi za kumwelekeza mpandaji, lakini si kwa mfuatano wowote unaojulikana: ya kwanza inafuatwa na ya katikati, ya katikati inafuatwa na nyingine iliyotoka kusikojulikana. Wapandaji wa dunia nzima wanazifuata hivyohivyo, na ukiwauliza sababu wanatazama pembeni. Mama Mihuri akapumua kwa raha. Ndivyo masijala yao ilivyopanga mafaili. Kisha akaambiwa kuna kituo muhimu kuliko vyote, katikati kabisa, ambapo mpandaji husimama na kutoa heshima. Kituo hicho hakina herufi wala mstari wala alama yoyote, lakini ukikikosa unakatwa maksi.

"Sasa nitakijuaje?"

"Unakihisi," alisema Kocha.

Kocha alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya kunadi mitumba, na hakuwa na muda wa kubembeleza cheo cha mtu. Siku ya kwanza alimpandisha Mama Mihuri kwa ngazi ndogo ya mbao, akamrekebisha miguu kwenye vikuku vya tandiko, akamkabidhi hatamu, akarudi nyuma. "Haya. Twende."

Mstaafu hakwenda. Mama Mihuri akasukuma kiuno mbele kama anayesukuma gari bovu. Wapi! Akakumbuka kwamba yeye ni kiongozi.

"Ndugu Mstaafu," akaanza, kwa sauti yake ya vikaoni, "kama unavyofahamu, sote tuko hapa kwa nia moja ya kuboresha huduma…"

Mstaafu akakaza miguu yote minne. Shingo ikanyooka, masikio yakasimama wima.

"Usimhutubie!" Kocha akafoka. "Ona, umeshamgandisha! Mguse kwa vigimbi, taratibu. Na uache kubana, hujakaa juu ya siri za serikali."

Wiki hiyo alianguka mara kadhaa, na kila mara aliangukia upande wenye watu. Nyumbani alifanya mazoezi kwenye mkono wa kochi, mgongo wima, mikanda miwili ya mumewe imefungwa kwenye kitasa cha mlango kuwa hatamu.

"Mke wangu," kinyozi akamwambia, "umekaa kama mteja niliyemkata sikio."

"Ndivyo inavyotakiwa."

"Basi huyo farasi ana kazi. Mteja akijikaza hivyo, hata mimi mkono unatetemeka. Hebu shusha mabega."

Akayashusha. Kesho yake akayashusha pia juu ya farasi, akaacha kubana, akatoa pumzi iliyokuwa ndani tangu aanze kukaimu. Mstaafu naye akatoa pumzi, akaanza kutembea. Siku chache baadaye wakapiga telki, mwendo ule mwepesi wa kurushwarushwa, na Mama Mihuri akakuta anarushwa na kurudi palepale kwenye tandiko, siyo shingoni kwa farasi kama juzi. Wakazunguka duara. Halikuwa duara la kujivunia, lilifanana zaidi na kiazi, lakini lilifunga. Alishuka akicheka peke yake, na wiki nzima hakuuliza habari za cheo.

Kisha ikaja siku ya majaribio, kabla ya ile yenyewe ya kamati. Wenzake wa Kitengo walitoka madirishani kumtazama. Akaingia kwa telki, akapiga duara, akakielekea kile kituo kisichoonekana, akasimama. Akakihisi! Wenzake wakashindwa kujizuia, wakapiga makofi.

Mstaafu akageuka kwa heshima zote, akatoka nje ya chokaa, akakata kona ya jengo, akapita mbele ya foleni nzima na Mama Mihuri juu akiita "Hoo! Hoo!", akaenda moja kwa moja hadi Ofisi ya Malalamiko. Mama Mihuri aliokolewa na kulala kifudifudi. Mlango ulimvua kilemba tu.

Alipewa onyo kali kwa kosa la kutoka nje ya kituo cha kazi bila ruhusa.

"Si kosa lako wala lake," Kocha alimwambia wakimfuta farasi jasho. "Huyu kazeekea kwenye gwaride. Hotuba ikianza, anaganda mpaka iishe. Makofi yakipigwa, kwake kazi imekwisha, anarudi zake bandani. Ndivyo alivyofundishwa. Waambie watu wako wasipige makofi."

Mama Mihuri hakuishia kwa watu wake. Alipanda ngazi mpaka ofisi ya Mkurugenzi Mkuu, maana siku ya kupimwa na kamati yeye ndiye angefungua zoezi kwa kupanda mwenyewe na kuonesha njia.

"Mzee, nimekuja na ombi dogo. Siku ile, watu wasipige makofi."

Mkurugenzi Mkuu alikuwa anajaribu glovu nyeupe mbele ya kioo. "Wasimpigie nani?"

"Wasipige tu, Mzee. Farasi akisikia makofi anaondoka."

"Anaondoka na wewe." Akatabasamu. "Mnyama anamtambua kiongozi, mama. Wewe ni kaimu, lazima akudharau. Makofi yatapigwa, tena ni lazima. Na hakikisha dirisha lako linabaki limefungwa siku hiyo, sitaki kelele za foleni."

Siku ikafika. Kamati ya Madaha ilikaa chini ya turubai, wajumbe watatu ambao hawajawahi kugusa farasi, waliochaguliwa kwa sababu hiyo ili kuepuka upendeleo. Mkurugenzi Mkuu alipanda kwa ile ngazi ndogo, akashikwa huku na kule, akaketi. Glovu zilimeta. Mstaafu akatembea hadi katikati, akasimama mwenyewe, alikuwa amechoka.

"Ndugu watumishi wenzangu!" Mkurugenzi Mkuu akaanza.

Mstaafu akaganda. Haujawahi kuonekana juu ya chokaa ile utulivu wa namna hiyo. Hotuba ilipita kwenye dira, ikapita kwenye dhamira, ikazunguka mikakati yote, na nzi alitembea kwenye pua ya farasi toka upande mmoja hadi mwingine bila kusumbuliwa. Wajumbe wa kamati waliandika kumi, wakafuta, wakatafuta namba kubwa zaidi.

"…na kwa hayo machache, nasema asanteni!"

Kimya. Watumishi wakaangalia viatu vyao. Mama Mihuri, mstari wa mbele, mikono ameificha kwapani.

"Nimesema asanteni," alirudia Mkurugenzi Mkuu. Kimya. Shingo yake ikavimba. "Pigeni makofi! Ni agizo!"

Watumishi wa umma walitii. Walipiga makofi ya nguvu, makofi ya watu walioagizwa.

Mstaafu aliondoka kwa telki safi, miguu inanyanyuka vizuri, mkia umetulia. Mkurugenzi Mkuu alidondosha hatamu na kukumbatia shingo. Wakakata kona. Foleni ya mbele, iliyokuwa haijapata kumwona bosi yule ana kwa ana, ikamshangilia kwa makofi ya dhati, na farasi akaongeza mwendo. Kamati iliandika: Utulivu, kumi. Mwelekeo, nje.

Hatua moja tu kabla ya ule mlango mfupi, bibi mmoja aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni alimsogelea aliyekuwa juu. Akajikohoza. "Mheshimiwa, kwanza kabisa napenda kushukuru kwa nafasi hii. Mimi nafuatilia kibali cha kibanda changu cha kushonea…"

Mstaafu akaganda.

Bibi alieleza yote, toka dirisha la kwanza mpaka la saba. Alipomaliza, aliyemfuata naye akashukuru kwanza kwa nafasi hii.

"Nishusheni!" Mkurugenzi Mkuu alinong'ona alipomwona Mama Mihuri na Kocha wanafika mbio. Alikuwa mrefu, farasi ni mrefu, na chini ni sementi. "Leteni ile ngazi!"

"Ngazi ni mali ya Idara, Mzee," alisema Mama Mihuri kwa masikitiko. "Kutoka nyuma kuja mbele inahitaji kibali cha kuhamisha. Na kibali bila muhuri si kibali."

"Piga muhuri!"

"Mimi ni kaimu, Mzee. Mlisema kaimu asiguse."

Mkurugenzi Mkuu aliutazama mlango. Ukingo wake wa juu ulikuwa usawa wa meno yake. "Umethibitishwa," alisema.

"Sijasikia vizuri, na hawa mashahidi wako mbali."

"Umethibitishwa! Kuanzia sasa hivi!"

"Asante, Mzee. Zoezi la farasi nitalifanya tu, kesho asubuhi. Nimeshalizoea."

Akaingia ndani, akafungua kabati, akapandisha pazia la dirisha, akapuliza vumbi kwenye muhuri. Mkurugenzi Mkuu alinyoosha shingo. "Haya, sasa hicho kibali cha ngazi!"

"Kinakuja, Mzee. Foleni inaanzia kule." Akaonesha kwa kidevu, mbali, zaidi ya geti. "Mwingine!"

Bibi wa kibanda akapokea karatasi yake, wino bado mbichi. Akaitazama, akamtazama Mama Mihuri, uso ukamfunguka, akainua mikono yote miwili. Masikio ya Mstaafu yakacheza.

"Bibi," akasema Kocha upesi, "shangilia kimoyomoyo."