Tangazo Linalopumua

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Leo ni siku yangu. Mama Wino, mwenye duka letu la uchapaji, ametangaza kwamba anataka mbunifu mkuu. Kiti chenyewe kiko dirishani, kina magurudumu, na kinazunguka! Mimi miaka kumi na moja nimekalia stuli yenye mguu mmoja mfupi, kando ya mashine ya kukatia karatasi.

Nimepanda kwa jasho langu. Nilianza na lebo za madaftari, nikaja kwenye kadi za harusi, kalenda, vipeperushi vya fundi bomba. Kila kazi nimepunguza kitu. Ndiyo falsafa yangu: kubuni ni kuondoa. Kuna kadi ya harusi niliyoondoa hata jina la bwana harusi. Lilikuwa refu mno. Ukoo mzima ulininunia, lakini kadi ilipendeza.

Mpinzani ni mmoja tu, Vivuli. Tumempa jina hilo kwa sababu hajawahi kuiacha herufi bila kuitia kivuli. Mama Wino kasema zahanati inataka tangazo la chanjo ya watoto, Jumamosi hii. Kila mmoja wetu atengeneze lake, yote yabandikwe, kisha wazazi waulizwe lipi limewaleta. Mwenye wengi anakaa kitini. Vivuli alinitakia kila la heri. Maskini ya Mungu.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Dada yangu ndiye muuguzi mkuu wa zahanati hiyo. Nilimwendea asubuhi, si kwa upendeleo, kwa utafiti tu. Akanishika bega akanieleza kwamba chanjo iliyopita nusu ya watoto waliikosa, mama zao hawakujua siku. Anataka siku, saa, mahali na umri wa watoto, vyote vionekane kutoka barabarani. Nikamwambia tangazo si daftari la mahudhurio, lazima lipumue.

"Mdogo wangu," akasema, "lipumue, lakini siku uiandike."

Haya. Nimeondoa picha ya mtoto. Nimeondoa rangi. Umebaki weupe mtupu, na pembeni chini mstari mmoja wa kijivu wenye kila alichotaka. Kwenye kompyuta nimeuvuta karibu mpaka kila herufi imeonekana kubwa kama ndoo. Unasomeka ajabu! Nimejipongeza kwa vikombe viwili vya chai.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Nimefanya jambo. Sijutii.

Mchana Vivuli alienda kula, akaacha kompyuta wazi. Nikachungulia. Mama, mtoto, jua, maua, maputo! Tarehe imejibanza nyuma ya puto kama inadaiwa. Nikasema hapahapa namwangamiza. Mtu wa aina hii dawa yake ni kumwongezea. Nikaikuza tarehe ikameza nusu ya karatasi. Nyekundu! Chini nikapanga saa, mahali na umri kwa herufi nene, za kishamba kabisa. Nikazitia vivuli viwiliviwili. Ni aibu kwa fani, lakini vita ni vita.

Vivuli aliporudi, Mama Wino alikuwa anafoka kwamba mashine inasubiri. Vivuli akabonyeza kuchapa bila hata kutazama. Mimi nikajitia hamnazo, nikawa napangusa stuli yangu.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Matangazo yamebandikwa. Nilijisimamisha ng'ambo ya barabara, nikanunua gazeti nijifichie.

Kwenye karatasi ule mstari wangu umekuwa mwembamba kama unywele. Sikutegemea, lakini unapendeza hivyohivyo. Mama mmoja alisimama, akakodoa macho, akaufuta kwa kidole akidhani ni vumbi. Nilisisimka mwili mzima. Ni mbunifu gani mwingine ambaye kazi yake watu huitaka mpaka waishike?

Tangazo la Vivuli wamelizonga. Wanalionyeshana kwa vidole na kuitana. Wanalicheka, bila shaka.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Foleni imetoka mlangoni ikazunguka ukuta. Dada ameuliza wazazi wote, mia moja themanini na sita. Mia moja themanini na watano wameletwa na ile tarehe nyekundu. Aliyeletwa na langu ni mmoja tu, mama yetu, naye hana mtoto mchanga.

Dada akaja, machozi yanamlengalenga, akanikumbatia mbele ya watu.

"Safari hii hatujamkosa hata mmoja," akasema. "Ile tarehe! Kampe Vivuli mkono kwa niaba yangu."

Kifua kilinijaa. Tarehe ni yangu! Ukubwa ni wangu, wekundu ni wangu! Nikafumbua mdomo. Nikaufumba. Nikisema, ni kukiri kwamba niliingilia kazi ya mwenzangu. Dada akaongeza kwamba hata mabaki ya matangazo yangu yamemfaa sana, ameandikia namba za foleni, karatasi ni safi pande zote mbili. Nikampa Vivuli mkono, shingo upande.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Vivuli yuko kitini. Anazunguka. Anasema hakumbuki kuikuza tarehe kiasi kile, labda ni kipaji. Nilijing'ata ulimi mpaka ukaniuma.

Lakini Mama Wino bado ananiamini. Kanipa vibao vya milango ya zahanati: maabara, sindano, dawa, wazazi, choo. Kabla ya kuanza nimekaa na tangazo langu, nikalichunguza kwa uaminifu wote, maana mbunifu mkubwa hujikosoa. Kosa nimeliona. Ni ule mstari. Nilimsikiliza dada, nikaharibu weupe wote.

Safari hii hanishauri mtu. Vibao vitano vimeshakamilika, vyote vyeupe. Cha choo ndicho ninachojivunia zaidi.