Mnunuzi wa Baiskeli Yangu

Jamani, leo nimeaibika mbele ya askari watatu, na ushahidi nimeupeleka mwenyewe.

Mwaka jana niliibiwa baiskeli yangu nyekundu hapa Mabatini. Juzi nikasikia redioni kwamba vitu vilivyokamatwa na polisi vikakosa wenyewe vilishapigwa mnada, ila mwenye mali akileta uthibitisho atapewa fedha iliyopatikana. Moyo ukaruka! Mimi ni fundi simu, nimejifunza mwenyewe, na kwa fedha hiyo ningenunua hadubini ya kazi, macho yapumzike.

Nikaandaa faili. Risiti, picha nne, na namba ya fremu niliyoipigia mstari mara mbili kwa rula. (Ndivyo nilivyo, mnisamehe.) Asubuhi nikapanda baiskeli yangu ya sasa, ile ya bluu yenye breki mbovu, hadi kituoni.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Namba ya fremu?"

Nikaitaja bila kutazama faili. Afande, mama mmoja mwenye miwani, akapitisha kidole kwenye daftari la mnada. "Ipo. Iliuzwa."

Hapo ningenyamaza. Sikunyamaza.

"Afande, huyo aliyeinunua ni mtu wa namna gani? Hata kuuliza ni ya nani hakuuliza?"

Akainua macho. "Jina lako nani vile?"

Nikamwambia. Akanigeuzia daftari nisome. Mnunuzi: mimi. Majina yote matatu!

(Ndiyo, mnadani nilienda. Sikuwa na usafiri.)

"Na leo umekuja kwa usafiri gani?"

Tukatoka nje. Askari wawili wakaipindua ile ya bluu, wakakwangua rangi kwa funguo. Chini yake nyekundu. Halafu namba, chini ya fremu ambako sikuwahi kuangalia.

"Soma kwa sauti, kijana."

Nikasoma. Na miezi yote hii nawaambia watu ya zamani ilikuwa nyepesi zaidi!

"Hela utapewa, ni haki yako," afande akasema, akifuta machozi ya kicheko. "Saini hapa."

Nikasaini harakaharaka ili niondoke. Akalinganisha na saini yangu ya siku ya mnada.

"Hazifanani. Kalete barua ya mwenyekiti wa mtaa kwamba wewe ndiye wewe."

Sasa mwenyekiti wetu lazima ataniuliza barua ni ya nini, na tangu achaguliwe hajawahi kutunza siri ya mtu. Ndiyo maana nimeona bora mnisikie mimi kwanza. Chekeni leo yaishe, kesho nina foleni ya wateja.