Garratt ya Mapipa

Jumatatu, 4 Agosti 2025
Zakia ananimaliza. Kila mgeni anayepanda Lushoto anamuulizia yeye: Zakia wa maporomoko, Zakia wa vinyonga. Mimi, Nikodemo, mwongoza watalii mwenye kitambulisho, naulizwa choo kiko wapi.

Leo hotelini nimemsikia mzee wa Kiingereza, Bwana Whitlock, akimweleza Zakia kwamba baba yake alikuwa akiunda injini za Garratt kule Manchester. Zile kubwa za mvuke zilizovuta mizigo Afrika Mashariki nzima. Anatamani kuigusa moja kabla hajafa. Zakia akamjibu kwamba huku hakuna, ajaribu makumbusho ya reli Nairobi. Ndivyo mtu anavyofukuza riziki! Nikaingilia: ipo, Mombo, nitampeleka Nane Nane. Mzee akanishika mkono, machozi yanamlenga.

Sasa natafuta Garratt.

Jumatano, 6 Agosti
Nimeshuka Mombo. Kuna kiinjini cha shamba la mkonge lililokufa, kimezama kwenye magugu nyuma ya nyumba ya Bi Hawa. Bi Hawa ni mama yake Zakia. Bahati mbaya, lakini sina kingine.

Ni kidogo mno. Ila Garratt, nimeiangalia kwenye simu, ina tangi mbele, tangi nyuma, boila katikati. Kumbe ni suala la mapipa tu. Fundi Omari ameyachomelea, tumepaka rangi nyekundu. Ukisimama mbali na kufinya macho, inakubali. Bi Hawa nilimwamkia shikamoo. Akauliza kama ni mradi wa serikali. Nikasema ndiyo. Akaniletea chai, akijikongoja, miguu yake mibovu.

Ijumaa, 8 Agosti


Tangu asubuhi Omari na mimi tulijaza maji kwenye boila na kuwasha moto. Moshi kidogo tu, kwa ajili ya picha. Sikukuu, watu wakajaa. Bwana Whitlock akaja na Zakia, eti mkalimani. Akagonga tangi kwa fimbo. Likalia kama pipa. Akanitazama, kisha akauliza kwa upole kama injini hii iliwahi kuvuta kitu. Zakia akakohoa.

Nikasema bado inafanya kazi. Nikasokomeza kuni zote.

Omari akavuta waya wa king'ora. Kikalia! Watu wakapiga makofi, mzee akatabasamu. Halafu tabasamu likakatika. Akaelekeza fimbo juu ya boila, akasema maneno ya haraka.

Zakia akatafsiri: "Valvu ya kutoa mvuke imeganda kwa kutu. Anasema boila itapasuka."

Bi Hawa alikuwa ndani amelala. Ukuta wake unakaribia kugusa ile injini. Zakia akawafukuza watu. Omari sikumwona tena. Mimi nilikwenda kutafuta msaada. Nilikimbia mpaka kituo cha mafuta, barabara kuu ya Moshi. Nikasimama nyuma ya lori, nikaziba masikio.

Hakukuwa na mlipuko. Niliporudi nikasimuliwa. Zakia alichukua jembe la mama yake, akafungua mlango wa moto na kuvuta makaa nje, yakimwagikia miguuni. Mzee wa watu hakuondoka. Alisimama kando yake akimwonyesha kwa fimbo. Mwishowe mshono mmoja wa boila uliachia, mvuke ukatoka ukizomea, basi. Mkono wa Zakia umeungua hadi kiwiko.

Jumamosi, 9 Agosti
Nimekwenda kumwona wodini. Mkono umefungwa bandeji. Hakufoka, na hilo ndilo lililonitesa.

"Mama alikuwa ndani, kaka Niko. Na ulijua."

Nikasema nilikwenda kutafuta msaada. Akauliza nilirudi na nani. Nikatazama bandeji.

Akaniomba jambo moja tu: niende kwa mama yake, nimweleze ukweli wote kwa mdomo wangu. Nimeahidi.

Jumapili, 10 Agosti
Baada ya ibada nimeshuka kwa Bi Hawa. Hotuba nilikuwa nayo tayari. Kabla sijaketi akanishika mikono yote miwili. Amesikia kwamba nilikimbia mbio kuita msaada. Akasema, "Mungu akulipe, mwanangu."

Mdomo ukafunguka. Ukajifunga.

Nimerudi Lushoto na jogoo wake.

Jumatatu, 11 Agosti
Bwana Whitlock ameondoka. Amemwachia Zakia kofia ya kazini ya baba yake, aliyokuja nayo toka Uingereza. Mimi akanipa mkono, akasema hajapata kuona Garratt kama ile. Nimefurahi.

Mwenyekiti wa kitongoji amenipiga marufuku kuonekana na kiberiti popote Mombo. Sawa tu. Nimekaa, nimejitathmini kwa dhati, kosa nimeliona: mvuke. Kitu kisichohitaji moto hakiwezi kuleta balaa.

Jioni hotelini wamefika Wajerumani wawili. Wanauliza kama kweli kuna ndege ya vita iliyoanguka kwenye misitu hii zamani. Zakia yuko wodini, hakuna wa kuwapotosha. Nimewaambia ipo, Mgwashi, na bado inaruka.

Kesho natafuta mabawa.