Ombi la Kuurudishia Waya Ujinga Wake

Kwa Shemeji yangu mpendwa, Fundi Redio,

Salamu nyingi. Huku gereji sote tu wazima, isipokuwa heshima yangu, ambayo iko hoi. Mwezi uliopita nilikuletea waya wangu wa kupimia magari, kwa kuwa kila ukichomekwa uliiambia kompyuta kwamba hauoni gari. Ukaufungua ganda, ukalehemu vijiwaya vyembamba kwenye chipu yake, ukafuta programu ya zamani na kuweka mpya. Nilikushukuru. Sasa naomba unirudishie hizo shukrani, kwa sababu hizi:

1. Zamani waya ukikwama, niliweka ncha ya bisibisi kwenye injini, mpini sikioni, nikafumba macho. Wateja walinyamaza kimya. Miaka ishirini na sita naitwa Sikio, na jina hilo sikuliokota barabarani. Siku hizi sijafumba hata jicho moja, waya umeshajibu.

2. Tena unajibu mbele za watu. Juzi gari la mwalimu mkuu liliwasha taa ya injini. Nikasikiliza, nikatangaza giaboksi, nikaishusha. Fundi rangi, mtu asiyejua hata plagi inakaa wapi, akachomeka waya kwa umbea tu. Waya ukasema mvuke wa petroli unavuja. Mwalimu mkuu akaenda nyuma, akakaza kifuniko cha tangi kwa vidole viwili. Giaboksi imelala sakafuni, sote tunaitazama. Nilitamani kulia.

3. Dada yako kazisikia habari hizi. Nikisema nyumbani kwamba mvua itanyesha, anauliza waya umesemaje.

4. Fundi rangi amependekeza waya upewe kiti changu. Wenzangu wameunga mkono.

Kwa hiyo naomba uifungue tena hiyo chipu na kuitia adabu. Waya usubiri nusu saa kabla ya kujibu, kama mdogo mbele ya mkubwa. Ukitofautiana nami, useme hauoni gari. Na kwa mwalimu mkuu, ukiri hadharani kwamba kifuniko kililegezwa na giaboksi. Ikishindikana, futa kila kitu. Niko tayari kuishi na waya mpumbavu.

Nisalimie mkeo, watoto, na yule jirani anayekuja kusikiliza taarifa ya habari kwenye redio za wateja wako.

Ni mimi shemeji yako, ninayezidi kupungua,
Fundi Sikio

Tanbihi: Leo asubuhi, kabla ya kutuma barua hii, nimekwenda kupimwa masikio ili nikuambatishie cheti cha ushahidi. Wakanivisha vile visikizio vya masikioni, wakaniambia nibonyeze kitufe kila nikisikia mlio. Baada ya robo saa nikamshauri daktari, kama fundi kwa fundi, kwamba mashine yake imekufa. Kumbe ilikuwa inalia muda wote. Shemeji, programu usiiguse. Na dada yako usimwambie kwanza: anadhani miaka yote hii namnyamazia kwa makusudi, na ameshazoea.