Lovrenc Mežik na Soseji ya Mita Mia Mbili na Kumi

Sogeeni, enyi mlio na masikio! Mwenye kiti na akalie, asiye nacho asimame wima, kwani habari hii haisikilizwi na mtu aliyeegemea ukuta. Nawaletea kisa cha Lovrenc Mežik wa kijiji cha Rateče, mkanyagaji wa theluji, jabali la bonde la Planica, na vita aliyopigana mbele ya watu elfu hamsini, Jumapili ya mwisho ya mashindano ya dunia ya kuruka kwa skii. Wapo watakaowaambieni kwamba mashujaa wa siku ile walikuwa vijana wembamba waliopaa angani. Waongo hao. Kupaa, hata kunguru anapaa.

Mrukaji akishapaa lazima atue, na anapotua pawe laini kama shuka la bibi harusi. Theluji hailainiki yenyewe. Hulainishwa na wakanyagaji, wanaume kwa wanawake wa bondeni, wanaoushuka mteremko ubavuubavu na skii, zile mbao ndefu za kuteleza, miguuni, hatua kwa hatua, bega kwa bega, kama jeshi lililokatazwa kukimbia. Katika jeshi hilo Lovrenc alikuwa ametumikia miaka thelathini na mmoja, koti la buluu, namba kumi na nne mgongoni.

Lakini mwaka uliotangulia, ole wake! Alipokuwa pale juu, skii zilimponyoka, akakaa kitako, na kwa kitako hicho akaushuka mteremko wote hadi kwenye banda la soseji, umati ukimshangilia kuliko ulivyomshangilia bingwa. Picha zake zilizunguka nchi nzima. Paroko wa Rateče alizitazama mara mbili, na mara ya pili aliwaita masista.

Kwa hiyo asubuhi ya Jumapili ile, Rozalija, jemadari wa wakanyagaji, mwanamke mwenye sauti ya kuangusha barafu mapaani, tena dada wa mke wa Lovrenc, alimweka kando akanena naye.

"Shemeji, nisikilize vizuri. Ukianguka tena leo, koti unalivua hapohapo."

"Nikisukumwa je?"

"Hata ukipigwa radi."

"Nikianguka kule chini, nikishavuka mstari?"

Rozalija akafikiri. Mstari wenyewe ni ule wa matawi ya misonobari uliotandazwa chini kabisa. Mrukaji akigusa theluji kwa mkono au kwa tako kabla ya kuuvuka, ameanguka. Akishauvuka, hata akiviringika kama pipa, halali yake.

"Sheria ni ileile ya warukaji," akasema. "Ukishavuka mstari, anguka upendavyo. Kabla ya hapo, mkono au tako likigusa theluji, nakuvua koti, na mwakani unasimama nyuma ya uzio na watu wa mjini Ljubljana, unapuliza tarumbeta."

Lovrenc akahisi baridi ambayo haikutoka mlimani. Nyuma ya uzio! Na watu wa Ljubljana!

"Nimekuelewa, shemeji," akajibu kwa unyonge.

Basi mashindano yakaendelea hadi mchana, akabaki mrukaji mmoja tu, ameketi kule juu kwenye ubao wa kuondokea, akisubiri upepo utulie na taa igeuke kijani. Upepo ukatulia. Umati ukanyamaza. Ndipo alipotokea yule adui, mweusi wa mbawa na mweusi wa moyo, kunguru mmoja aliyekuwa amepora nusu ya soseji bandani. Akaupita umati, akaupita mnara wa waamuzi, na alipofika juu ya mteremko mzigo ukamshinda. Soseji ikaanguka katikati ya theluji nyeupe, penye alama ya mita mia mbili na kumi, pamoja na haradali yake.

Taa ikabaki nyekundu. Redio za mikononi zikalia.

"Nani yuko karibu?" akauliza Rozalija.

"Mzee Lovro," akajibu Cene, mkanyagaji wa ng'ambo ya pili ya mteremko, akimfupishia Lovrenc jina kama kawaida yake.

Rozalija akautazama mteremko mzima, kushoto na kulia.

"Hakuna mwingine?"

"Hakuna, mama. Mzee Lovro, leo unatelezea lipi, la kushoto au la kulia?"

"Funga domo lako, Cene," akasema Lovrenc. Akashika fimbo zake mbili akaanza kushuka.

Aimbwe sasa, kwani alishuka! Hatua moja, akakanyaga. Hatua ya pili, akakanyaga. Nguzo thelathini na moja za miaka ya utumishi zikamshikilia mgongo, na macho laki moja yakamtazama, ukitoa ya waliokuwa wamekwenda kununua mvinyo moto. Alipoifikia soseji hakuiokota mara moja. Aliinua kichwa, akamwona kunguru akizunguka juu yake, akamhutubia kama ilivyo desturi ya mashujaa kabla ya kumwaga damu:

"Ewe mwizi wa mabanda, mwana wa jalala! Wewe uliyechafua sakafu ya mababu zetu, ujue kwamba leo umekutana na Mežik, mwana wa Mežik, mjukuu wa..."

"Acha hotuba, okota!" redio ikafoka. "Upepo utarudi!"

Akaiokota. Lakini aiweke wapi? Mikono yote miwili ilikuwa na fimbo, na mfuko wa koti ulikuwa umejaa karanga. Akaiuma kwa meno. Haradali ikampanda puani, machozi yakamlenga, na kunguru, alipoona mali yake kinywani mwa mtu, akashuka kama jiwe, akatua juu ya kofia yake.

Hapo vita ikawaka. Kunguru alidonoa, Lovrenc akatikisa kichwa. Kunguru akapiga mbawa, Lovrenc akapiga fimbo, fimbo ikamtoka, na katika kuifuatia kwa macho akageuza ncha za skii zikatazama chini. Jambo hilo mkanyagaji halifanyi zaidi ya mara moja.

Akaondoka.

Alikwenda kama shutuma kijijini. Mguu wa kulia ukatangulia, wa kushoto ukabaki nyuma, goti lake bovu likakunjika na likagoma kabisa kukunjuka. Mikono ikatanda pande zote mbili kutafuta kitu cha kushika angani. Kwa hiyo, bila kukusudia hata chembe, Lovrenc Mežik alikuwa amekaa mkao uleule ambao waamuzi humdai kila mrukaji atuapo, mguu mmoja mbele, goti limekunjwa, mikono kama mbawa. Vijana huufundishwa kwa miaka kumi. Yeye alifundishwa na goti.

"Inuka!" akapiga kelele Rozalija, redio akaisahau. "Inuka, shemeji, unakaa! Unakaa!"

Kweli, alikuwa akishuka chini zaidi na zaidi, tako likiifuata theluji kama fisi afuatavyo mzoga. Akauvuka mstari wa misonobari, mita mia moja na kumi kutoka pale ilipoangukia soseji. Palepale goti likaachia, akaanguka kama gunia la viazi, kunguru akachukua soseji yake akaenda zake.

Lovrenc alilala chali akitazama mawingu. Rozalija akaja akasimama juu yake.

"Umegusa."

"Sijagusa."

"Nimekuona kwa macho yangu. Umegusa kabla ya mstari. Vua koti."

Lovrenc akashika zipu. Akaishusha hadi kifuani.

"Subiri kwanza, mama!" Ilikuwa sauti ya Cene redioni. "Mwambie Ajda arudishe picha!"

Ajda ndiye mpimaji, mwenye mitambo ya picha inayoonyesha hata unywele wa mrukaji anapotua. Akairudisha picha, akaiweka kwenye skrini kubwa mbele ya umati wote, taratibu, taratibu. Watu elfu hamsini wakayatazama matako ya Lovrenc Mežik kwa utulivu wa kanisani. Ajda akaisimamisha pale pa chini kuliko pote.

"Kati ya suruali na theluji," akatangaza, "kuna vidole viwili."

Lo! Bonde likalipuka. Kodiani zikalia, tarumbeta zikalia, watu wa Ljubljana wakakumbatiana na watu wasiowajua. Mnarani, mwamuzi mmoja alionekana akiandika kitu kwenye karatasi yake, kisha akakifuta.

Rozalija akatazama skrini muda mrefu. Kisha akainama, akamsukuma mkono pembeni, akampandishia zipu hadi kidevuni.

"Simama," akasema. "Umetuachia mifereji miwili mteremko mzima. Twende tukakanyage."

Wakakanyaga, taa ikawa kijani, na yule kijana akaruka. Aliruka umbali gani, na kombe alilibeba nani, ulizeni magazetini. Rateče hakuna anayekumbuka. Lakini daftari la wakanyagaji lipo, na ukurasa wa siku ile una mstari mmoja tu wa kalamu ya risasi, mwandiko wa Rozalija, mwanamke asiyesifu ovyo:

Mežik L., namba 14. Mita mia moja na kumi. Amesimama.